Kifaranga husikia njaa wapi? Ishara za ubongo na somo la unasibu

Katika Kiswahili mtu husikia njaa. Kitenzi kile kile tunachokitumia kwa kengele ya shule na honi ya matatu ndicho tunachokitumia kwa njaa, kiu, baridi na usingizi. Wapo wanaosema "naona njaa", na vijana wa siku hizi watakwambia "nahisi ubao", lakini "nasikia njaa" ndiyo kauli iliyozoeleka mno. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza darasani: "Mwalimu, njaa itasikiwaje na haina sauti? Si tuseme tu kuhisi?"

Nilimjibu kwamba Kiswahili hakiko peke yake. Waganda husema kuwulira enjala, na wasemaji wa Kilingala husema koyoka nzala. Vitenzi vyote viwili vina maana ya kusikia. Hii ni tabia ya lugha nyingi za Kibantu: kusikia si kazi ya masikio pekee, bali ni kupokea habari kutoka popote, hata kutoka ndani ya mwili. Jibu hilo lilinitosha wakati huo. Sikujua kwamba lingenirudia siku moja kwa njia ya vifaranga.

Ilikuwa Julai. Wasomaji wa Eldoret wanaijua Julai ya hapa: mvua ya alasiri, ukungu wa alfajiri, na baridi ya mji ulio zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Jirani yangu, mama anayeuza mboga sokoni, alikuwa amenunua vifaranga 100 wa siku moja kwa akiba yake ya miezi kadhaa. Siku ya tatu alinipigia simu.

"Mwalimu, hawa kuku wamenishinda. Hawataki kula."

"Umewapa chakula gani, mama?"

"Si kile cha vifaranga tu! Kimejaa kwa sahani, wanakiangalia. Wengine wamejikunyata huko kwa kona wanalia tu. Ni wakaidi hawa, sijui ni wa wapi."

Kufikia mwisho wa juma hilo alikuwa amezika 23. Alikuwa pia amenunua dawa mbili tofauti, na hakuna iliyosaidia. Karatasi ya maagizo aliyopewa pamoja na vifaranga ilikuwa ya Kiingereza tupu, ilhali yeye husoma Kiswahili na Kinandi. Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi, lakini kwenye karatasi ile hakikuonekana hata kwa neno moja.

Kilichonikaa akilini zaidi ni neno lake: hawataki. Hebu tulipime. "Hawataki kula" humpa kifaranga nia. Ni kama mtoto anayesusia ugali. "Hawawezi kula" ni jambo jingine: huenda ni wagonjwa, au chombo kiko juu mno. "Hawana hamu ya kula" ni la tatu. "Hawasikii njaa" ni la nne. Kauli nne zinazokaribiana, nazo ni uchunguzi wa aina nne tofauti. Anayesema "hawataki" atawalaumu au atawanunulia dawa ya kuwalazimisha. Anayesema "hawasikii njaa" atajiuliza: je, kuna habari gani nyingine wanayoisikia badala yake?

Swali hilo la mwisho ndilo ambalo wanasayansi wa ubongo wa ndege wamekuwa wakilifanyia kazi kwa miongo kadhaa. Majibu yao yanamfaa mfugaji wa Uasin Gishu. Yanamfaa pia mwanaisimu, pengine zaidi ya anavyodhani.

Siku tatu za mwanzo

Tuanze na akiba anayozaliwa nayo kifaranga. Anapoanguliwa, huwa bado amebeba tumboni masalio ya kiini cha yai. Masalio hayo humlisha kwa siku mbili hadi tatu hivi. Ndiyo sababu kifaranga wa siku moja anaweza kusafirishwa kwa basi usiku kucha bila kula na afike akiwa hai.

Lakini akiba hiyo ina mtego. Kifaranga ambaye hakujifunza kula siku ya kwanza na ya pili haonyeshi dalili kubwa, kwa kuwa bado anakula kiini. Hasara hujitokeza siku ya tatu, ya nne na ya tano, akiba inapokwisha na mwili ukiwa hauna nguvu tena ya kuanza. Mfugaji hudhani ugonjwa umeingia jana, kumbe tatizo lilianza siku ya kwanza.

Kwa kawaida mama kuku ndiye huziba pengo hili. Huwaita vifaranga wake kwa mlio maalumu, hudonoa chini, hukiokota chakula na kukiangusha mbele yao. Mlio na mdono huo ni ishara, nao huitika kwa kudonoa. Vifaranga wa kununua hawana mama wa kuwaita. Wana ubongo wao tu, na ubongo huo unasikiliza mambo mengi kwa wakati mmoja.

Mazungumzo ndani ya ubongo

Chini ya ubongo wa ndege, kama ilivyo kwa binadamu, kuna sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi. Hapo ndipo habari za njaa na shibe hukutana. Tumbo na matumbo hutuma habari kupitia neva, na damu huleta habari za sukari na mafuta. Macho nayo huleta habari ya kilicho mbele. Haipothalamasi huzipokea zote kisha mwili huelekezwa: kula, au acha.

Chembe za neva huzungumza kwa kutoa kemikali. Chembe moja huitoa, nyingine huipokea kwenye sehemu maalumu tunayoiita kipokezi. Baadhi ya kemikali hizi humsukuma kifaranga ale. Inayojulikana sana ni nyuropeptidi Y. Ilitambuliwa mwaka 1982 katika ubongo wa nguruwe, na mwaka 1987 Wayne Kuenzel na wenzake walionyesha kwamba ikiingizwa katika ubongo wa kifaranga, yeye hula kwa bidii kubwa. Kuku anaponyimwa chakula, utengenezaji wa kemikali hiyo katika haipothalamasi yake huongezeka. Kemikali ndogo iitwayo gaba nayo huongeza ulaji wa vifaranga.

Upande wa pili kuna zinazomwambia aache. Mojawapo ni alfa-MSH, ambayo hupunguza ulaji inapokifikia kipokezi chake. Serotonini na histamini pia hupunguza ulaji wa vifaranga zinapoingizwa katika ubongo. Kisha kuna CRF, kemikali inayoanzisha mwitiko wa mwili dhidi ya msukosuko: woga, kuhamishwa, kushikwashikwa, baridi kali. CRF ikiongezeka katika ubongo wa kifaranga, hamu ya kula hushuka.

Ushindani huu una mbinu zake. Kuna kemikali iitwayo AgRP ambayo hukikalia kipokezi cha alfa-MSH. Haimwambii kifaranga ale; inachofanya ni kuizuia alfa-MSH isisikike. Ni kama mtu anayekuja mkutanoni mapema akakalia kiti cha msemaji wa upinzani. Kifaranga hula kwa sababu sauti ya "acha" haikufika.

Kwa hiyo njaa si tumbo tupu tu. Tumbo linaweza kuwa tupu na kifaranga asile, iwapo habari za msukosuko zimezizidi zile za njaa. Kinyume chake pia huwezekana: tumbo likiwa na chakula, ubongo bado unaweza kusema "ongeza". Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Methali hiyo inahusu watu wawili, lakini hata ndani ya kichwa kimoja shibe na njaa ni pande mbili zinazoshindana.

Grelini: umbo moja, maana mbili

Sasa tufike kwenye kisa ambacho mwanaisimu hawezi kukipita. Mwaka 1999, watafiti wa Japani Masayasu Kojima na Kenji Kangawa, pamoja na wenzao, walitangaza homoni mpya waliyoipata katika tumbo la panya. Waliiita grelini. Jina hilo lina historia ya kiisimu: waliihusisha silabi yake ya kwanza na mzizi ghre wa Kihindi-Ulaya Mame, wenye maana ya kukua, kwa kuwa homoni hii huchochea kutolewa kwa homoni ya ukuaji. Punde ikaonekana kwamba grelini huamsha njaa. Panya akipewa, hula. Binadamu akipewa, husikia njaa. Magazeti yakaibandika jina la "homoni ya njaa".

Ilikuwa rahisi kudhani kwamba kuku naye yuko hivyo. Lakini mwaka 2001 Mitsuhiro Furuse na wenzake, pia wa Japani, waliiingiza grelini katika ubongo wa vifaranga wachanga. Vifaranga waliacha kula. Mwaka uliofuata grelini ya kuku mwenyewe ilitambuliwa. Ina asidi amino 26, ilhali ya panya ina 28, lakini zinafanana sana. Hiyo nayo ikiingizwa katika ubongo wa kifaranga, humzuia kula.

Inawezekanaje? Maelezo yaliyopatikana baadaye ni haya: katika panya, grelini huziamsha chembe zinazotoa nyuropeptidi Y, ile inayosema "kula". Katika kifaranga, huiamsha njia ya CRF, ile ya msukosuko. Kemikali ni ile ile kwa jina na karibu ile ile kwa umbo. Tofauti iko kwa anayeipokea na anachounganishwa nacho.

Ferdinand de Saussure, Mswisi ambaye mihadhara yake ilichapishwa mwaka 1916 baada ya kifo chake, alifundisha kwamba ishara ya lugha ina pande mbili: kiashiria, yaani umbo la sauti, na kiashiriwa, yaani dhana. Uhusiano kati ya pande hizo ni wa unasibu. Hakuna chochote katika sauti za neno "kuku" kinachomlazimu ndege yule aitwe hivyo. Maana hutokana na mfumo ambamo neno limo.

Mfano tulio nao hapa nyumbani ni neno "bibi". Mwanamume wa Eldoret akisema "bibi yangu amesafiri", wenzake wataelewa ni mkewe. Akiisema sentensi hiyo hiyo Dar es Salaam, wengi watamwulizia hali ya nyanya yake. Sauti hazikubadilika hata moja. Kilichobadilika ni jumuiya inayosikiliza. Na ukisema "nyanya" kule, huenda ukaletewa ya kupikia mchuzi!

Grelini ni "bibi" wa kemia ya mwili. Panya na kifaranga ni jumuiya mbili za wasemaji, na kiashiria kimoja kimepewa viashiriwa viwili vinavyopingana.

Kisa cha oreksini kinaongeza funzo. Kemikali hiyo ilipewa jina mwaka 1998 kutokana na neno la Kigiriki orexis, lenye maana ya hamu ya kula, kwa kuwa iliwafanya panya wale zaidi. Mwaka 1999 ilijaribiwa kwa vifaranga, na ulaji wao haukuongezeka. Mfasiri ambaye angeiita kwa Kiswahili "homoni ya hamu" angekuwa sahihi kuhusu panya na kuwapotosha wafugaji wa kuku. Jina lilitolewa kwa mnyama wa kwanza kuchunguzwa, kisha likasafiri kwa wengine bila kuulizwa kama linawafaa.

Ndiyo maana najizuia kushabikia istilahi kabla sijajua kinachotajwa kinafanya nini. Wapo wanaopendekeza kemikali hizi ziitwe "matarishi" wa ubongo. Ni neno zuri, lina harufu ya ofisi zetu. Hata hivyo, tarishi hubeba barua iliyokwisha kuandikwa; akiipeleka kwa panya au kwa kifaranga, maneno ndani ni yale yale. Grelini haifanyi hivyo. Inafanana zaidi na kengele ya shule: ikilia saa nne ni mapumziko, ikilia saa kumi ni kwenda nyumbani, na mgeni anayepita barabarani haimwambii chochote. Kwa maoni yangu "kiashiria" kingefaa zaidi, kwa sababu isimu imeshakifundisha neno hilo kazi yake: umbo ambalo maana yake huamuliwa na mfumo.

Usikivu unaorithiwa

Je, kuku wote husikia njaa kwa kiwango kimoja? La. Tangu mwaka 1957, katika chuo cha Virginia Tech nchini Marekani, watafiti wakiongozwa na Paul Siegel wamekuwa wakifuga koo mbili za kuku zilizotoka kwenye kundi moja la mwanzo. Katika ukoo wa kwanza huchaguliwa wale wenye uzito mkubwa wakiwa na wiki nane. Katika wa pili, wenye uzito mdogo. Baada ya vizazi vingi, tofauti ya uzito kati ya koo hizo katika umri huo ilipita mara 10. Ukoo mzito hula kupita kiasi, hadi walezi wanalazimika kuupimia chakula. Katika ukoo mwepesi wapo vifaranga ambao hufa kwa sababu hawakuanza kula kamwe, ijapokuwa chakula kiko mbele yao.

Hakuna aliyewafundisha wa kwanza ulafi wala wa pili ukaidi. Binadamu alichagua uzito, na bila kukusudia akachagua pia jinsi ubongo unavyosikia njaa na shibe. Kuku wa nyama tunaowanunua mjini ni zao la uchaguzi wa namna hiyo hiyo. Wafugaji wa kuku wazazi wa aina hizo huwapimia chakula kwa sababu wakiachwa watakula hadi wadhurike. Mfugaji anayesema "hawa wa nyama ni walafi kuliko wale wa kienyeji" ameona jambo la kweli, lakini amelieleza kwa neno la maadili. Ulafi ni kosa la mtu anayejua kwamba ameshiba. Kuku huyu hapati habari ya shibe kama mwenzake anavyoipata.

Kurudi kwa jirani

Nilipomtembelea jirani yangu Septemba, alikuwa ameamua kujaribu tena. Safari hii tulikaa chini kabla ya vifaranga kufika, nikamsomea maagizo ya ulezi kwa Kiswahili, naye akayaandika kwenye daftari lake la mauzo. Nayarudia hapa kwa yeyote anayeyahitaji.

Kwanza, joto. Kifaranga wa siku chache hawezi kudhibiti vizuri joto la mwili wake. Akipoa hujikunyata, haendi kwenye chakula, na msukosuko huzima hamu. Chumba cha kuwalelea kiwe na nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi wiki ya kwanza, kisha zipunguzwe tatu hivi kila wiki. Kiwashiwe moto kabla hawajafika, si baada. Anayetumia jiko la makaa aache mwanya wa hewa, kwa maana moshi wa makaa huua kuku na watu. Asiye na kipimajoto awatazame wenyewe: wakirundikana chini ya joto, wanasikia baridi, wakitawanyika kandokando huku midomo wazi, wanasikia joto, wakisambaa kote na kutembea, mambo ni shwari.

Pili, maji safi mara wanapofika. Tatu, siku mbili za mwanzo chakula kisiwekwe kwenye sahani pekee, bali kitandazwe pia juu ya magazeti. Miguu yao inapokwaruza karatasi hutoa sauti inayowavutia kudonoa. Ukigonga karatasi kwa kidole, polepole, unaiga mdono wa mama kuku, na wengine watakuja. Nne, jioni ya siku ya kwanza mshike kifaranga mmoja mmoja kwa upole na umpapase chini ya shingo, pale penye mfuko unaopokea chakula kabla hakijashuka. Mfuko ukiwa laini na umejaa, amekula na kunywa. Ukiwa mgumu, amekula bila maji. Ukiwa mtupu, hajaanza, na unaye usiku huo tu wa kutafuta sababu.

Jioni hiyo tuliwapapasa wote 100 kwa mwanga wa taa. Saba mifuko yao ilikuwa mitupu. Jirani aliwaweka kwenye boksi karibu na joto, akatandaza ukurasa wa gazeti, akaanza kugonga kwa kidole.

"Hawa bado hawajasikia," alisema, bila kuinua kichwa.

Sikumsahihisha, kwa sababu alikuwa amelitumia neno linalofaa.